Chini ya Kiti cha Bibi Profesa

9 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Nimefika salama, nimepewa chumba na kitanda, na kitanda kina godoro ambalo ungelicheka mpaka ukae chini. Nisalimie Mama. Mwambie blanketi alilolifunga kwa kamba limefika na kamba yake, na huko kufulia anakofanya kazi awe mwangalifu na pasi, maana sasa hayupo wa kumpaka dawa. Msalimie na jirani yetu mwenye duka la dawa. Kikohozi nimekiacha njiani.

Ulisema niandike barua kwa sababu kwenye simu mimi husema "niko poa" mara tatu halafu nakata. Haya, naandika. Niko poa.

Chuo chao ni kikubwa. Maktaba yao ina ngazi za kupandia vitabuni, na ngazi zenyewe zina magurudumu. Bwalo lao la chakula limetundikwa picha za wazee wa zamani, na kila mmoja ananitazama kana kwamba nimekalia kofia yake. Wenzangu wanajuana. Sijui wamejuania wapi, maana sote tumefika wiki moja, lakini utasikia, "Kaka yako yuko mwaka wa ngapi sasa?" na "Baba bado anakumbuka chumba chake?" Mimi naulizwa nimetoka shule gani. Nikiitaja wanasema "Aaa," kisha wanaangalia sahani.

Historia ndiyo ile ile, ila hapa hatukai kwenye madawati. Tunakaa duara, watu wanane, chumbani kwa mwalimu, na kila mtu anatakiwa aseme kitu. Wanaiita semina. Mwalimu wetu ni mama mmoja mwenye mvi fupi. Wanafunzi wanamwita Bibi Profesa, naye anajua.

Kuna jambo dogo lilitokea, nakuandikia ucheke tu. Siku ya kwanza niliwahi. Bibi Profesa alikuwa ametoka kwenda kuchemsha chai. Karibu na dirisha palikuwa na kiti cha zamani cha ngozi ya kijani, kipana, nikakibonyeza kwa kiganja kabla ya kukaa, kama tunavyofanya nyumbani. Kikatoa mlio. Springi ya tatu, kushoto. Basi mkono ukafanya wenyewe, Mjomba. Nikakipindua miguu juu nikione kwa chini. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa kimezama katikati ya miguu ya kiti, ndipo mlango ukafunguka wakaingia wote saba, na Bibi Profesa nyuma yao na birika.

"Umepoteza kitu?" akauliza.

Nikasema, "Hapana, naangalia tu."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Basi.

Mpwa wako.


21 Oktoba

Mpwa wangu, Mama Maswali, marahaba.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti kwa ajili ya mama yako, nikaparuka pale penye pasi maana alikuwa ameishika. Hajambo. Kazini kwao wameletewa mashine ya kukunja mashuka. Anasema inakunja kama mlevi, na imebidi wanawake wawili wasimame nyuma yake kuyakunjua na kuyakunja upya. Wanaiita maendeleo. Mwenye duka la dawa ameniletea kochi lake. Watoto wake wamelirukia mpaka limetoa utumbo.

Sasa tuje kwenye kiti. Umeniandikia kurasa mbili, ukakipa mistari michache. Ngozi yake ya mnyama gani? Misumari ina vichwa vya shaba, au ni bati lililopakwa rangi? Kushoto kwako au kushoto kwa mkaaji? Ndani kuna sponji, au zile singa za mkia wa farasi walizokuwa wakijaza watu wa zamani? Mtu apige magoti mbele ya watu wanane, halafu asirudi na jibu hata moja! Huyo amejiaibisha bure.

Jambo la pili. Umeandika "chuo chao," "maktaba yao," "bwalo lao." Nilidhani ni wewe uliyefaulu. Au siku ile kituoni tulimsindikiza mtu mwingine?

La tatu, nimalize, kochi linanisubiri. Umeandika, "Wakacheka. Si kwa ubaya. Basi." Nimeshona makochi miaka thelathini na mmoja. Mteja akiniambia lake limechanika kidogo tu, huwa naenda na gari.

Mjomba wako.


18 Novemba

Mjomba, shikamoo, na samahani kwa kimya.

Natumaini Mama mzima na kochi limepona. Hapa baridi imeanza kuingia kwenye korido. Mwenzangu wa chumba cha pili ana birika la umeme linalopiga mluzi, nami naamka nalo. Hizo ndizo habari njema, zimeisha.

Gari ulilosema huwa unaenda nalo, lilete.

Wamenipa jina. Mkaguzi. Aliyenipa ni kijana mmoja ambaye mimi moyoni namwita Viatu, kwa sababu vyake vinang'aa hata mvua ikinyesha. Nikiingia semina anabonyeza kiti chake kwa viganja viwili na kuuliza, "Mkaguzi, kinafaa?" Wanacheka. Nami nacheka. Nimejifunza kuanza kabla yao, inauma kidogo. Na wewe unayeniita Mama Maswali, ujue katika wiki sita nimefungua mdomo mara mbili mle ndani: mara moja kusema ndiyo, mara moja kuomba dirisha lifungwe. Si kwamba sijui. Usiku—hapana, hilo niliache. Najua majibu. Lakini wao wakisema, maneno yao yanatoka yamepigwa pasi, na yangu najiona nayatoa mfukoni yamekunjamana.

Halafu nimesema uongo. Ngoja nikwambie kabla sijaahirisha. Viatu aliniuliza mezani watu wa kwetu wanafanya nini. Nikasema, "Mjomba wangu yuko kwenye samani."

"Kuagiza au kutengeneza?"

"Kutengeneza."

"Viwanda vingapi?"

Nilitafuna kwa muda mrefu sana. "Kimoja tu," nikasema. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akasema kimoja kinatosha kikisimamiwa vizuri. Kiwanda chenyewe, Mjomba, ni wewe, nyundo, na redio inayoshika stesheni moja. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Si kwa sababu ya uongo wenyewe. Ni kwamba ulitoka kirahisi.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya kuondoka chuoni. Kile chuo cha ualimu karibu na nyumbani kimekubali kunipokea. Hapo chini inatakiwa sahihi ya mlezi. Wewe ndiye uliyesaini nilipoingia, kwa hiyo ni wewe wa kusaini nitoke. Iwe ofisini kwa msajili kabla ya tarehe 28 Februari. Tafadhali saini na uirudishe. Mama asiione.

Usinitumie hotuba. Nimeshajipa zote mwenyewe.

Mpwa wako.


9 Desemba

Mpwa wangu, marahaba.

Usishangae mwandiko. Naandikia gotini. Barua fupi, kazi nyingi.

Mama yako mzima. Mashine ya mashuka imeharibika, wamefurahi sana.

Fomu imefika. Naisoma. Ina vipengele kumi na vinne na maandishi madogo chini kama mayai ya chawa. Mimi sisaini nisichokielewa. Fundi aliyenifundisha kazi alisaini hivyo hivyo, akajikuta shahidi wa ndoa ya watu asiowajua.

Wakati naisoma, nifanyie jambo moja. Unakumbuka tunachofanya kabla ya kufunga kochi? Penseli, kwenye mbao, kwa ndani, mahali mwenye kochi hatapaona. Tarehe na neno moja la kweli. Si jina. Jina ni kujitangaza. Mafundi wa zamani wote walifanya hivyo.

Nataka kujua ni nani alishona kile kiti. Muulize yule mama. Usikipindue bila ruhusa, umeshaona.

Mjomba.


5 Januari

Mjomba, shikamoo.

Umeandikia goti gani, na la nani? Herufi zako ni za mtoto wa darasa la pili aliyekalia siafu. Mama kwenye simu anasema mko wazima, halafu anabadilisha habari na kuniuliza kama nakula. Nakula. Likizo nimebaki hapahapa, na chuo kikiwa kitupu si kibaya. Wazee wa kwenye picha wakikosa watu wa kuwatazama wanaonekana kama watu waliosahauliwa stendi.

Nimekasirika, lakini kazi yako nimeifanya. Nilibisha hodi kwa Bibi Profesa. Alikuwa anasahihisha karatasi huku anatafuna karanga.

"Mkaguzi," akasema. Kumbe na yeye!

Nikasema, "Mjomba wangu anauliza kiti chako kilishonwa na nani."

Alinitazama juu ya miwani. "Mjomba wako ndiye nani?"

Mdomo ulitaka kusema yuko kwenye samani, Mjomba, ulikuwa tayari umejipanga. Nikasema, "Fundi wa makochi."

"Na kiti changu amekijulia wapi?"

"Nilimwandikia."

Akaweka kalamu chini. "Kiti hiki nimekikalia miaka kumi na tisa. Kinanichoma kila Alhamisi kwenye semina. Nilidhani ni mgongo wangu! Nimemeza dawa kwa ajili ya kiti hiki."

"Ni springi ya tatu," nikasema. "Kushoto kwa mkaaji."

"Ulijua tangu siku ile? Sasa mbona hukusema?"

"Uliniuliza kama nimepoteza kitu."

Alicheka mpaka karanga ikampalia, nikampiga mgongoni. Sikutegemea kuja kumpiga profesa mgongoni mwaka wa kwanza.

Tuliazima koleo na bisibisi kwa bawabu wa lango la nyuma. Tukaketi sakafuni wote wawili, yeye kakunja sketi, mimi nang'oa misumari mmoja mmoja kama ulivyonifundisha, naipanga kwenye kifuniko cha birika. Ni vichwa vya shaba. Ngozi ya ng'ombe. Ndani ni singa za farasi, za kweli, nyeusi, bado zinaruka. Chini yake gunia, chini ya gunia mikanda, na kwenye mbao ya nyuma, Mjomba, penseli.

Yako maandishi matatu. Nakunakilia kama yalivyo.

"Machi 1928. Viti kumi na viwili. Mgongo."

"1951. Fundi anaumwa. Tumeshona sisi, dada wawili. Asijue."

"1974. Singa nimezirudisha zile zile, hazina kosa. Profesa huyu anakula biskuti kitini."

Makombo tuliyakuta. Bibi Profesa aliyaokota na kuyatia kwenye bahasha, akaandika juu yake tarehe. Ile ya pili aliisoma mara tatu. Kisha akavua miwani, akasema, si kwangu hasa, "Nafundisha historia ya chuo hiki, na kumbe nyingine nimeikalia."

Anataka nikipeleke semina kikiwa wazi hivyo hivyo, muhula ukifunguliwa. Anasema nitazungumza mimi, yeye atakaa kimya. Sikusema ndiyo. Alipotoka kurudisha koleo nilibaki pale sakafuni, nikaweka kidole juu ya maandishi ya wale dada wawili. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Kiti ni kiti. Fomu isaini. Siku zinakwenda.

Mpwa wako.


30 Januari

Mpwa wangu, marahaba.

Washonaji wawili! Asijue! Nimecheka peke yangu karakanani mpaka mwenye duka la dawa amekuja kuuliza kama nimemeza kitu. Hebu tazama mafundo yao. Kama uzi umezungushwa mara mbili kabla ya kukazwa, wale walifundishwa na mtu mkali. Kama mara moja, walijifundisha wenyewe kwa kuchungulia. Nataka jibu.

Wa 1928 namwelewa kabisa. Viti kumi na viwili hata mimi ningeandika hivyo.

Springi usiikaze kwa nguvu, ifunge kwa uzi wa katani pande nne, halafu ikalie mwenyewe kabla ya kufunika. Fundi asiyekalia kazi yake hana haki ya kuilipisha. Singa usizitupe. Zifungue kwa vidole, zianike juani, zirudishe.

Fomu iko mahali salama. Salama kuliko ofisi ya huyo msajili wenu.

Mjomba.

(Ndani ya bahasha hiyo hiyo, nyuma ya tiketi ya kufulia nguo, kwa penseli:)

Mwanangu, mjomba wako ameniambia nisikwambie. Sikwambii, nakuandikia. Ile sindano yake iliyopinda kama kucha ilimwingia chini ya kidole gumba katikati ya Novemba, mkono wa kulia. Alijifunga kitambaa akaendelea na kazi. Ukavimba hadi kiwiko. Daktari amepasua, ametoa usaha, ameshona, na kumkataza kushika chochote. Kochi la watu wa duka la dawa nimelimalizia mimi nikitoka kazini, yeye kakaa juu ya kopo la rangi anatoa amri kama nahodha. Ubishi wake unaujua. Tulipofika kwenye mkono wa kochi alinituma chaki. Chaki ilikuwa mfukoni mwake, niliiona. Nikaenda hivyo hivyo, niliporudi alikuwa amekwisha kujaza kitu humo ndani na kufunika. Sikuuliza. Kula vizuri. Barua hii niliibandika mimi, hajui.


17 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mkono.

Miezi mitatu unaniandikia kwa kushoto na kunidanganya ni goti! Na mimi nikakutania mwandiko. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Usimgombeze Mama, nimekwambia mimi kwamba najua.

Mafundo ya dada wale ni ya kuzungusha mara mbili. Walifundishwa.

Kiti nimekipeleka semina. Bawabu alinisaidia kukibeba hadi katikati ya duara, miguu juu, tumbo wazi. Viatu akabonyeza chake kama kawaida. "Mkaguzi, kinafaa?"

Nikakitazama. Nilikuwa nimechoka, Mjomba, nadhani ndiyo sababu. Nikasema, "Hicho hapana. Kimepigwa stepla badala ya misumari, na mguu wa nyuma umeunganishwa kwa gundi tu. Usiegemee."

Alisimama polepole sana. Safari hii walicheka, lakini kicheko kilielekea upande mwingine, na ajabu, hata yeye alicheka. Kisha akauliza, "Unajuaje yote hayo? Si mjomba wako ana kiwanda?"

"Kiwanda ni yeye," nikasema. "Ni fundi wa makochi. Ana nyundo na redio. Nilikudanganya."

Bibi Profesa anatazama dari, kama alivyoahidi. Ndipo akasema kijana mmoja mrefu anayekaa karibu na mlango, ambaye tangu Oktoba nilidhani ni mmoja wao, kwa jinsi anavyokunja mikono ya shati. Akasema, "Mama yangu yuko hospitalini. Niliwaambia hivyo, mkaniuliza anatibu nini. Anasugua sakafu. Wodi ya tatu na ya nne."

Kumbe naye, Mjomba! Muda wote huu tumekaa viti viwili mbali, kila mtu na kiwanda chake.

Nilizungumza saa nzima. Niliwaonyesha mikanda, gunia, singa. Nilipowasomea maandishi ya 1951, msichana mmoja akauliza kama kuna daftari lolote la chuo linalowataja wale dada. Hakuna. Bibi Profesa amekwisha kuangalia. Fundi ametajwa, mara moja, kwa kuchelewa. Basi nikaanza kuuliza: viti kumi na kimoja vingine viko wapi? Nani alishona mapazia ya bwalo? Nani alipaka rangi fremu za wale wazee wanaonitazama? Niliuliza mpaka kengele ikalia. Wawili walikuwa wanaangalia saa, sitakudanganya, na mmoja alisema hiyo si historia bali ni useremala. Nikamwambia useremala ni kazi nyingine kabisa.

Sasa nisikilize. Sasa nina sababu ya kweli, si ya aibu. Mkono wako hauwezi, Mama hawezi kufua mchana kutwa na kushona jioni. Nirudi nishike sindano, wewe kaa juu ya kopo utoe amri. Fomu iko wapi? Zimebaki siku kumi na moja. Isaini, itume kwa njia ya haraka.

Mpwa wako.


2 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Huu ni mkono wa kulia. Unatetemeka kidogo, lakini utautambua. Daktari alinipiga mishono mitano, mishono mibaya, imepishana kama meno ya mbwa. Nilimwambia ningekuwa mimi ningefumua na kuanza upya. Akasema mgonjwa wa namna yangu ni mmoja kwa mwaka na anashukuru. Jana nimeshika nyundo. Leo nimeshika kalamu. Kesho nashika sindano, mama yako kanikalia kooni, na yeye hawezi kunikataza kwa sababu kazini amerudishiwa ile mashine na analazimika kuikunjulia.

Nilificha mkono kwa sababu nilikuwa najua utaufanyia nini. Ungeufanya ngazi ya kushukia. Na ulipoujua tu, ukafanya hivyo hivyo, siku ile ile. Mkono ni wangu, na kuuguza nitauguza mimi. Nenda katafute ngazi nyingine, za kwenu hapo nasikia zina magurudumu.

Sasa fomu. Uliniomba mambo mawili, nisaini na niirudishe. La kwanza nililifanya siku ile ile ilipofika. Wewe ni mtu mzima, umeomba sahihi yangu, sina haki ya kukunyima. Niliisaini kwa kushoto, kwa meno nikishikilia kona ya karatasi isiteleze. Iko sahihi kamili, na tarehe.

Kisha nikafanya kile ambacho fundi hufanya na sahihi yake. Imo ndani ya mkono wa kulia wa kochi la mwenye duka la dawa, chini ya sponji, juu ya mbao. Kila jioni anaegemeza kiwiko hapo akisoma gazeti, anasema halijawahi kuwa laini namna hii. Kwa kazi ya mama yako, litafumuka baada ya miaka ishirini. Ukiitaka mapema, njoo ulifumue mwenyewe, lakini umwombe ruhusa, na usipige magoti kabla hajafungua mlango.

Utanikasirikia. Sawa. Ila kabla hujaanza, jibu swali moja la fundi asiyesoma. Fomu kama ile ziko ngapi kwa msajili? Uliniandikia mwenyewe Januari, na Februari tena, fomu iko wapi, fomu iko wapi. Ofisi yake iko upande wa pili wa uwanja. Ungevuka ukachukua nyingine, ukanitumia. Hukuvuka. Miezi mitatu, Mama Maswali, uliing'ang'ania ile moja ambayo ulikuwa unajua iko kwangu.

Mimi si msomi. Nimeangalia tu kilicho chini.

Nipe habari za kiti. Umekifunga?

Mjomba wako.


20 Machi

Mjomba, shikamoo, na pole kwa mishono.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya kwanza kwa kweli, siku ya pili kwa mazoea. Siku ya tatu nilivuka uwanja kwenda kwa msajili, nione tu. Fomu zimerundikwa kwenye kisanduku cha mbao pale kaunta, yeyote achukue. Karani akaniuliza, "Unatafuta kitu?" Nikamwambia kisanduku chake kinalegea kona ya kushoto. Kinalegea kweli.

Kiti nimekifunga jana. Springi nimeifunga pande nne, singa nimezianika kwenye dirisha la korido mpaka msafishaji akadhani kuna mnyama amefia pale. Mrefu wa karibu na mlango alinishikia ngozi wakati nagonga misumari. Ana vidole vya maana, tatizo lake ni kuongea. Viatu alikuja kutazama, akaombwa ashike kifuniko cha birika chenye misumari, akakishika saa nzima bila kuketi, kwa tahadhari. Kati ya vile viti vingine kumi na kimoja tumeshapata vinne, kimoja kiko stoo ya bawabu. Vinne vyote vina penseli ndani. Bibi Profesa anasema hiyo ndiyo insha yangu ya mwisho wa mwaka, na kwamba niache kuomba radhi kila aya.

Amekikalia kwa mara ya kwanza leo, Alhamisi. Alikaa, akasubiri kichome, hakikuchoma. Akatutazama sote wanane, kisha akasema, "Haya, nani anaanza?"

Nilianza mimi.

Nisalimie Mama, mwambie nimefunga mafundo ya kuzungusha mara mbili. Mwenye duka la dawa mwambie aendelee kuegemea, kochi lisifumuliwe.

Ulitaka kujua, na hutauliza kwa sababu ya ubishi. Niliandika chini ya yale maandishi matatu, kwa penseli iliyochongwa vizuri, bila jina: tarehe, halafu, "Nimekishona nikiwa mwanafunzi wa hapa."

Kisha nikafunika.

Mpwa wako.